Anayesikiliza Nyuma ya Injini

"Namba mbili inalia! Safi!"

Cheche alipaza sauti kutoka nyuma ya injini ya kushoto, kisha akajifuta mikono kwa kitambaa ingawa mikono haikuwa na kitu. Mbele, kwenye mlango wa ndege, Mrefu alichungulia. Alikuwa ameshika kasha la miwani, kifuniko kiko wazi na miwani yenyewe bado imo ndani. Akainama asijigonge, maana ndege ile ndogo haikutengenezwa kwa kumfikiria mtu wa kimo chake, akateremka ngazi taratibu mpaka nyuma alikokuwa mwenzake.

"Umesemaje?" akauliza.

"Nimesema namba mbili inalia."

"Inalia?"

"Vizuri kabisa. Kwani vipi?"

Mrefu akalitazama kasha la miwani, akamtazama rafiki yake. "Cheche, namba mbili sijaiwasha. Nilikuwa bado natafuta miwani nione swichi. Nimekuambia subiri. Nimekuambia mara mbili, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto."

Cheche akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Basi nimesikia kitu kingine."

"Kitu gani? Humu ndani tuko wewe na mimi na njiwa."

Cheche akainua macho kwenye vyuma vya paa. Ni kweli, njiwa walikuwapo, wamejipanga safu nzima. Shingo zao zilikuwa zikivimba na kunywea, zikivimba na kunywea, na yeye hakusikia hata mmoja.

Kazi waliyokuwa wakiifanya ni hii. Injini ya ndege ya aina ile huvuta hewa ikaikandamiza, mafuta yakanyunyizwa ndani yake kama ukungu, kisha lazima kitu kiuanzishe moto. Kitu hicho ni cheche. Kuna kisanduku cha chuma, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga, ambacho hupokea umeme wa kawaida wa ndege, kikaulimbikiza kidogo kidogo, halafu kikautema wote kwa mkupuo mmoja kupitia waya mnene hadi kwenye plagi iliyochomekwa tumboni mwa injini. Tak. Hujaza tena, hutema tena. Tak. Moto ukishashika hujiendesha wenyewe, cheche zikazimwa. Huwashwa tena ndege ikipita kwenye mvua kubwa, au ikiruka, au ikitua, ili moto ukizimika ghafla uwe na wa kuuamsha.

Ndiyo maana kila injini ina visanduku viwili na plagi mbili, na kila upande, namba moja na namba mbili, husikilizwa peke yake. Mafuta yamefungwa, injini imepoa na imetulia. Mmoja yuko juu kwenye swichi, mwingine nyuma ametega sikio. Upande mmoja ukifa, ule mwingine huwasha injini bila matata, na rubani asijue lolote mpaka siku ule mwingine nao utakapogoma. Anayesikiliza nyuma ndiye pekee anayejua. Cheche alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika pale karakana.

"Panda wewe juu," Mrefu akasema. "Washa moja, iache kidogo, zima. Kisha mbili, iache kidogo, zima. Mimi nitasikiliza."

Cheche akapanda, akafanya kama alivyoambiwa, akashuka. Alimkuta Mrefu amevaa miwani sasa, kama vile inasaidia kusikia.

"Moja ni nzima," Mrefu akasema. "Mbili ni kimya. Haitoi kitu, hata mkwaruzo. Na wewe ungeipitisha."

"Ningeipitisha."

"Toka lini, bwana?"

"Sijui ni lini. Sauti nzito nazisikia. Injini ikinguruma nasikia, lori nasikia, wewe ukiongea karibu nakusikia. Vitu vyembamba ndivyo vimeniaga kimoja kimoja."

"Na kipimo cha masikio cha kila mwaka? Unapitaje?"

"Nesi ana kabati la vioo nyuma yake. Naona kidole chake kikibonyeza. Akibonyeza, nanyoosha mkono."

Mrefu alitaka kukunja uso, lakini kicheko kikamtoroka. "Mwizi mkubwa wewe!" Akavua miwani, akaketi kwenye tairi la akiba, na kicheko kikakatika. "Wakijua, hawakupi tena injini. Hata kuigusa."

"Najua."

"Na ukiondoka kwenye injini, posho yako ya ufundi nayo inaondoka. Na nyumba mnayokaa unailipia kwa posho hiyohiyo."

"Hayo yote nayajua, Mrefu. Nisichokijua ni kama utasema."

Mrefu aliirudisha miwani ndani ya kasha, akalifunga. "Tutabadilishana," akasema hatimaye. "Wewe utakaa juu kwenye swichi, mimi nitasikiliza chini. Nani ataona? Kesho tunabadilisha plagi ya namba mbili, tunaijaribu, maisha yanaendelea. Mpaka watoto wako wamalize kujipanga huko waliko."

Cheche akamshika bega.

Nyumbani kwake walikuwa wawili tu sasa. Mapacha walikuwa wamekwenda kufanya kazi mbali, kila mmoja upande wake, wakawaachia wazazi wao vyumba viwili, kitanda cha ziada, na utulivu ambao hakuna aliyekuwa ameuzoea. Mama Mapacha alishona sare za shule pale sebuleni. Cherehani yake ilikuwa imeegeshwa dirishani apate mwanga, kwa hiyo mumewe aliporudi kazini alimkuta kila siku amempa mgongo.

"Umerudi," mama akasema, mguu ungali kwenye kanyagio. "Jirani alikuja tena kwa ajili ya kelele za redio. Anasema tunamhubiria yeye na wanawe bila kumuuliza dini yake."

Cheche akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nikamwambia nitakuambia. Nimekuambia."

Kamba ya kushoto ilikuwa na fundo. Akalishughulikia fundo.

"Na kola hizi zote wamezirudisha. Ati zimekaa vibaya. Kola nimeshona mimi toka mwenye shule hajaota ndevu, leo zimekaa vibaya." Akanyamaza apate jibu. Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Kisha, kwa sauti ileile ya mazungumzo, bila kugeuka, akasema, "Baba Mapacha, nyumba inaungua."

"Sawa, mama," Cheche akajibu. Alikuwa ameona mabega yake yakitulia, akajua amemaliza kusema.

Mama Mapacha hakucheka. Zamani angecheka, angemtupia kipande cha kitambaa. Sasa alikata uzi kwa meno na kuanza kola nyingine.

Mtu wa nje angeuliza, huyu mama kwa nini hakugundua? Lakini angegunduaje? Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi na ile sauti yake ya kuzimu, mumewe alimsikia tangu getini. Mapacha walipopiga simu, aliibana sikioni wakaongea, wakataniana. Mrefu alipopita Jumapili, walikaa wawili wakakumbushana mambo ya ujanani. Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, ya juu, sauti ambayo alipokuwa msichana watu walimsogezea kiti aimbe. Sauti hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa haiingii. Kwa hiyo mama alifika mahali ambapo mwanamke yeyote angefika: kwamba mume anasikia wote, ila yeye amemchoka.

Na hakumuuliza. Alianza tu kupunguza maneno, kama mtu anayepunguza mafuta kwenye taa. Kwanza aliacha kusimulia ya sokoni. Kisha akaacha kusimulia ndoto. Siku hizi alibakiza yale ya lazima: chakula kiko tayari, sabuni imekwisha, jirani amekuja.

Cheche naye aliona maneno yanapungua, akashukuru moyoni, kwa sababu kila neno lilikuwa mtihani. Alikuwa amejifunza kusema "sawa," na "ndiyo hivyo," na "watu bwana," akiyapanga kwa kukisia. Walikula mezani wakitazama sahani. Alitamani kumwambia habari ya mchana, jinsi shingo za njiwa zilivyokuwa zikivimba. Lakini habari hiyo ingefungua nyingine, na nyingine ingefika mpaka kwenye posho.

"Kesho tunabadilisha plagi," akasema tu.

Mama akajibu kitu kwenye sahani yake.

"Ndiyo hivyo," Cheche akasema.

Kubadilisha plagi ya cheche si kazi ya nguvu. Ni kazi ya subira, na Cheche aliipenda kwa sababu hiyo. Kwanza umeme unakatwa, kile kikata umeme cha upande husika kinavutwa nje, na juu yake panatundikwa kitambulisho chekundu cha kusema mtu yuko kwenye injini, usiguse. Halafu mnakaa. Hapo ndipo wageni wa kazi hukosea. Kisanduku cha cheche hukatiwa umeme lakini hakisahau. Kile kilicholimbikizwa humo bado kimo, kimetulia kama nyoka kwenye kikapu, na kinatosha kumuua mtu mzima. Lazima kiachwe dakika zake kijimalize. Mrefu na Cheche walikaa kwenye maboksi, wakanywa chai ya chupa, bila haraka.

Kisha wakafungua waya mdogo unaoleta umeme kwenye kisanduku. Ndipo wakafungua ule mnene kwenye plagi, kwa glavu, na ncha yake wakaigusisha kwenye mwili wa injini kwa kifaa chenye mpini wa kuzuia umeme, ili kama kuna kilichobaki kiishie pale. Hakikubaki kitu. Plagi ya zamani ikatoka imelika ncha kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Hii imefanya kazi mpaka imechoka," Mrefu akasema, akiipima kwa kipimo chake. "Imekula chuma chake yenyewe."

Plagi mpya waliitoa kwenye boksi juu ya meza iliyotandikwa mpira, maana ikianguka hata mara moja haitumiki tena, hata kama haionyeshi ufa. Wakaweka pete za chini kupata kina sawasawa. Ikiingia mno, moto unaila ncha; ikiingia kidogo, cheche haifiki kwenye mafuta. Wakakaza kwa spana ya kipimo, wakarudisha waya. Mikono ya Cheche ilijua yote hayo bila kuuliza masikio, na asubuhi ile ilimwia tamu. Kwa muda mrefu hakuwa amejisikia mtu kamili hivyo.

Likabaki jaribio. Kwa utaratibu, wa juu na wa chini wanatakiwa kuongea kwa vifaa vya masikioni, lakini waya wa vile vifaa ulikuwa umekatika na haujaletwa mwingine. Visipokuwapo, anasimamishwa mtu wa tatu karibu na bawa, mahali anapoonwa na wote wawili, awapelekee ishara za mikono. Injini za ndege ile ziko mkiani. Wa juu hamwoni wa chini kabisa.

"Tumwite mtu wa tatu?" Cheche akauliza.

Mrefu akatazama upande wa pili wa banda, walikokuwa vijana wa matairi. "Akija hapa ataona unavyotukodolea midomo tukiongea. Panda. Mimi nitakuambia kwa sauti, nitapiga kelele kama mwenda wazimu. Nikisema washa, washa."

Cheche akapanda. Kitambulisho chekundu akakitoa, kikata umeme akakirudisha ndani, kidole akakiweka juu ya swichi ya namba mbili. Dirisha dogo la pembeni alilifungua wazi. Akasubiri.

Kulikuwa na mvumo, kwa mbali, wa kipoza hewa cha ofisi. Huo aliusikia. Kulikuwa na trekta la kuvuta ndege likipita nje, nalo alilisikia. Baada ya hapo, hakuna. Akageuza sikio la kulia dirishani, kisha la kushoto. Labda Mrefu alikuwa ameshasema. Kwa kawaida angekuwa ameshasema. Walijuana mwendo, walizoea kazi hii kama watu wawili wanaobeba kitanda mlangoni. Akahesabu kichwani muda wa Mrefu kurudi nyuma, kukaa sawa, kuinamisha kichwa, kusema. Hesabu ikapita. Kidole kikahisi ubaridi wa swichi.

Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya kule chini miaka yote hii. Anasubiri muda unaostahili, kisha anasema inalia. Nyumbani pia. Anasubiri mabega yatulie, kisha anasema sawa. Kukisia kulikuwa kumemlea, kumemlisha, na mara nyingi kulikuwa kumepatia.

Lakini kule chini kulikuwa na mikono ya mtu.

Akaondoa kidole. Akavuta tena kikata umeme, akarudisha kitambulisho chekundu, akashuka ngazi, akalizunguka bawa.

Mrefu alikuwa ameingiza mkono wa kulia ndani ya injini mpaka kwenye kiwiko, bila glavu, shavu limeegemea chuma, macho juu kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Midomo yake ilikuwa inapiga mluzi. Alipomwona Cheche akashtuka.

"Mbona umeshuka? Si nimekuambia usiwashe, bado? Nati ya waya haikukaa vizuri, nimerudi kuikaza. Nimekuambia bado, bado, bado, mpaka koo limekauka."

Cheche alitazama mkono ule. Ulikuwa umeshika palepale, kwenye kichwa cha plagi.

"Sikusikia," akasema.

"Ndiyo sasa nakuambia."

"Mrefu, sikusikia hata bado moja. Kidole kilikuwa juu ya swichi."

Mrefu akautoa mkono taratibu sana, kama anautoa kwenye mdomo wa mnyama aliyelala. Akautazama mbele na nyuma. Akaushika kwa ule mwingine. Alitaka kufanya mzaha, ilionekana usoni mzaha ukija, lakini haukufika.

"Nakwenda kwa Mkaguzi," Cheche akasema.

"Ngoja kwanza. Tukae, tufikirie."

"Nimekaa juu pale nikafikiria. Imetosha."

"Utaniponza na mimi! Jana nilijua nikanyamaza. Wataniuliza!"

Hilo Cheche alilisikia vizuri, maana lilisemwa kwa hasira na kwa karibu. Akatingisha kichwa kukubali, akaenda.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye kuheshimu watu wazima. Alimwambia, "Karibu, mzee wangu," kisha akainama kutafuta kitu kwenye droo ya chini huku akiendelea kusema. Cheche akauona utosi wake ukitikisika. Angeweza kusema ndiyo hivyo. Mdomo ulikuwa tayari kulitoa.

"Naomba unitazame ukisema," akasema. "Sisikii."

Mkaguzi akainuka. Cheche akamweleza yote akiwa amesimama, ya njiwa na ya kidole cha nesi na ya mkono wa Mrefu. Hakumweleza kwamba Mrefu alijua tangu jana. Akasema yeye ndiye aliyemficha Mrefu habari hiyo. Mkaguzi hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alifunika kalamu yake, akapiga simu mbili kwa sauti ambayo Cheche hakuifuata, na kabla ya saa ya chakula ndege zote alizozisikiliza mwezi ule zilikuwa zimezuiwa zisiruke mpaka zisikilizwe upya. Abiria wakashushwa na mizigo yao. Rubani mmoja akapita mlangoni, akamtazama Cheche kama unavyotazama kiti kilichovunjika na wewe umekikalia.

"Utahamia stoo ya vifaa," Mkaguzi akamwambia, akiyatamka maneno kwa kuyatenga mno, kama anamfundisha mtoto kusoma. "Mwezi huu huu. Kwa stahili za stoo, bila posho ya ufundi. Samahani, mzee wangu. Na asante."

Vijana wa matairi walikuwa wamekwisha kupata habari. Alipopita, mmoja alisema kitu, wenzake wakainamisha nyuso wakitingishika. Cheche hakujua ni nini. Mrefu alikuwa akiosha mikono bombani, akaiosha na kuiosha, na Cheche alipomsogelea alikwenda kuchukua kitambaa cha kufutia upande wa mbali wa banda, ingawa kingine kilikuwa palepale kwenye msumari.

Alirudi nyumbani mapema. Mama Mapacha alikuwa dirishani, mgongo mlangoni, anafumua kola. Cheche hakukaa kufungua viatu. Alizunguka meza, akalizunguka pipa la vitambaa, akasimama mbele ya cherehani mpaka akaziba mwanga.

"Unaniondolea mwanga," mama akasema.

Midomo hiyo aliisoma yote. "Mama Mapacha, mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Wewe. Sauti yako. Imenitoka siku nyingi, nimekuwa nakisia. Leo nimesema kazini. Wamenitoa kwenye injini, wamenipeleka stoo. Posho imekwenda, na nyumba hii pengine tutahama."

Akasubiri habari ya nyumba imwangukie. Lakini mama hakuwa amefika huko. Alikuwa amesimama kwenye sentensi ya kwanza. Sindano ilikuwa mkononi, uzi mwekundu unaning'inia.

"Sauti yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Mwenye nyumba unamsikia."

"Yule ana sauti ya ng'ombe. Yako ni nyembamba. Nyembamba ndizo zilizotangulia kwenda."

Mama aliweka sindano. Aliishika meza kwa mikono yote miwili, na uso wake ukafanya jambo ambalo Cheche hakulielewa, ukawa kama unataka kucheka na kumpiga kwa pamoja. "Kwa hiyo hukunichoka?"

"Nikuchoke niende wapi?"

"Usinitanie!" Alisema kwa nguvu hata mwenyewe akashtuka, na jirani wa ukutani bila shaka alisikia kabla ya mumewe. "Miaka nimelala humu ndani na mtu asiyenijibu. Nikajua basi, nimezeeka, sauti yangu inamchukiza. Na wewe unakaa hapo unasema sawa mama, sawa mama. Nilikuambia nyumba inaungua, ukasema sawa!"

"Nisamehe."

"Nilikuomba unisindikize hospitali ukasema watu bwana!"

Cheche akamtazama. "Hospitali ipi?"

Mama hakuwa amekusudia kulitoa. Akaketi tena kwenye kigoda chake cha cherehani, na Cheche, kwa kuogopa midomo hiyo isimpotee, akachuchumaa mbele yake kwenye vipande vya vitambaa.

"Hospitali ipi, mama?"

"Hata mwaka haujafika. Nilikuwa na uvimbe, hapa." Akagusa upande wa titi. "Walichukua kipande wakapime. Siku ya kwenda kuchukua majibu niliogopa. Nikakuambia, ulikuwa unafungua viatu. Nikasema, nina hofu, twende wote. Ukasema watu bwana. Ukaenda kuwasha redio."

"Na majibu?"

"Si kitu. Walisema si kitu, ni uvimbe wa kawaida, wakautoa siku hiyohiyo. Nilirudi nikapika."

Cheche alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Lazima kovu lilikuwapo, na yeye hakuwa ameliona, kwa sababu mtu anayekwepa maneno huishia kukwepa na mengine. Alitafuta siku hiyo kati ya siku nyingine zote akaikosa. Zilikuwa zimefanana: viatu, redio, sahani.

"Ulikwenda peke yako," akasema.

"Peke yangu."

"Nisimulie."

"Ya nini sasa? Yalishapita. Hofu yenyewe ilishakwisha, siwezi kuiita irudi kwa ajili yako."

"Najua. Nisimulie tu."

Mama aligeuka kidogo kutazama dirisha, na hapohapo uso ukamtoka Cheche. Hakusema sawa. Alisubiri, amechuchumaa, mpaka mama mwenyewe akakumbuka akageuka tena. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita na sare ambazo baadhi yake alizishona yeye.

"Kulikuwa na benchi refu," mama akaanza, bila moyo. "Nikakaa mwisho kabisa. Pembeni yangu alikaa mwanamke na mume wake, mume amemshikia pochi. Lile pochi lilinitia uchungu kuliko ugonjwa. Wakaanza kuita majina. Jina langu lilipoitwa, miguu haikutaka. Nesi akaita tena, na mimi nikaita kimoyomoyo nikisema..."

Hapo sauti ilishuka, akainamisha kidevu, na midomo ikafumbwa nusu. Cheche aliona maneno yakipita asiyapate. Yalikuwa machache, matatu au manne.

"Hapo sijapata," akasema. "Rudia."

Mama Mapacha akainua uso. Hakuwa amewahi kuambiwa neno hilo katika nyumba ile, na ilimchukua muda kujua afanye nini nalo.

"Rudia, mama. Toka kwenye benchi."

Akajifuta pua kwa kipande cha kola, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akaanza upya.